Kisanduku cha Kitinda

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka kuripoti kesi mahakamani, sebule yangu haipo. Yaani ipo, lakini viti vimesukumwa ukutani, zulia limekunjwa, na katikati ya sakafu amekaa mdogo wangu Kitinda, amezungukwa na nyaya kama mtu anayefuma sweta la chuma. Mama yuko kwenye kochi, mikono ameinyoosha mbele, kila mkono umeshika kitasa cha mlango. Vitasa viwili vya shaba. Mlango hakuna.

"Usiniguse," akaniambia badala ya kunikaribisha. "Nina umeme."

Hana umeme. Ana betri moja ya saa ya ukutani. Kitinda amenieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa natafuta pa kuweka mkoba. Niandike nione kama nimeelewa.

Kuna kisanduku cha mbao, ukubwa wa nusu mkate. Kina vishikio viwili, ndivyo hivyo vitasa. Mtu wa kwanza anashika kimoja, wa mwisho anashika kingine, wa katikati wanashikana mikono. Umeme mdogo sana, hauhisiki, unapita katika miili ya wote na kurudi kisandukuni. Mnyororo ukifunga, simu iliyounganishwa na kisanduku inapiga muziki. Mmoja akiachia, muziki unakatika. Halafu simu inaanza kutoa amri: sasa viwiko, sasa visigino, sasa badilishaneni nafasi. Mnajikunja, mnakanyagana, muziki usikatike. Mchezo wa sherehe.

Nikauliza kwa nini watu wasiweke muziki tu wakakaa.

"Dada, mara ya mwisho umekwenda sherehe lini? Meza moja watu kumi, kila mtu na simu yake. Mimi nataka simu hiyohiyo imlazimishe mtu amshike mwenzake."

Ninachotaka ni zulia langu.

Jumatano, 5 Machi

Sasa nimejua haraka inatoka wapi. Karakana alikokuwa akitengeneza spika imefungwa, hilo nilikuwa nalijua. Sikujua kwamba mgodini wamemwita. Mkataba wa miaka miwili, atahudumia redio za mawasiliano na spika za tahadhari, likizo mara moja kwa mwaka. Wanataka jibu tarehe kumi na saba.

Na upande wa pili yuko Mama Mahema. Huyu anakodisha mahema, viti na muziki; nusu ya sherehe za mji huu zinakaliwa kwenye plastiki yake. Kitinda amewahi kumtengenezea spika. Kisanduku kikimridhisha atataka kila kikosi chake kiwe na kimoja, na Kitinda ndiye atakayevitengeneza na kuvitunza. Basi mgodi utafute mtu mwingine.

Masharti ya Mama Mahema: atakuja mwenyewe Jumapili ya tarehe kumi na sita, hapa nyumbani. Anataka kuona familia ikicheza, si marafiki wa fundi. Marafiki, amesema, wanachekea hata sufuria. Tena awepo mzee, kwa sababu kila sherehe ina mzee aliyewekwa pembeni na sahani yake akasahaulika.

Nasema wazi, maana hapa hakuna anayenisoma: nataka Kitinda abaki. Mimi natoka asubuhi narudi jua limezama. Mama akibaki peke yake hutoka "kunyoosha miguu" na miguu yake hainyooki mpaka barabara kuu. Kitinda akienda, Mama itabidi ahamie kwa mmoja wa wadogo zangu wawili wa kiume. Kwa yupi? Hapo ndipo moto unapowaka upya.

Kwa hiyo nimekubali kusaidia. Nimepewa kazi ya kuandika amri za mchezo na kuzisoma kwenye simu. Eti nina sauti safi.

Ijumaa, 7 Machi

Tumerekodi chooni, ndipo mwangwi ulipo mdogo kwa sababu ya mataulo. Kitinda alitaka nichangamke. Nilichangamka. Akasema hapana, changamka zaidi. Nikamwambia nimekaa miaka mingi nikisoma hukumu kwa simu kwa watu wa chumba cha habari, hii ndiyo sauti niliyonayo.

"Shikaneni mikono. Ngozi kwa ngozi, si nguo."

"Mnyororo haujafunga. Shikaneni."

"Badilishaneni nafasi bila kuachia."

Tukampelekea Mama asikilize. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka simu chini taratibu.

"Nani amekufa?"

Kitinda amecheka mpaka akakaa sakafuni. Sauti hatubadilishi. Anasema watu wataitii kwa woga.

Jumapili, 9 Machi

Majaribio na familia. Ndugu zangu wamefika, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja kaniuliza mlangoni kama mwenzake yumo.

Niliandike suala lao mara moja, nisilirudie. Mwaka jana Mama alikuwa akiishi kwa Mpimaji. Ni mpima ardhi. Hata Mama humwita hivyo. Siku moja Mpimaji yuko kazini, Nahodha akapita kumsalimu Mama. Nahodha ni dereva wa lori, jina alilipata kwenye timu ya mpira ya shule na hakulirudisha. Akakuta mlango umefungwa kwa nje. Akavunja kufuli, akambeba Mama, akamleta kwangu. Kwenye kikao cha familia akasema Mama alifungiwa kama mbuzi. Mpimaji akasema wiki ileile Mama alikuwa ameokotwa mara mbili katikati ya magari, dada wa kazi alikuwa amekwenda sokoni, na kufuli lilikuwa la saa moja tu. Nilisikiliza pande zote mbili. Wote walisema kweli. Ndiyo maana haiishi.

Tangu siku hiyo hawasemeshani. Wakikutana wananyanyua mkono, kama madereva wanaopishana njiani.

Basi. Tukajipanga: Mama kashika kishikio cha kwanza, mimi, Mpimaji, na Nahodha kashika cha mwisho. Kitinda na simu yake pembeni. Kimya. Sauti yangu ikasema mnyororo haujafunga. Tukakazana. Ikasema tena. Hakuna kinachochosha kama kukaripiwa na wewe mwenyewe.

Kitinda akasema ni mikono ya Mama. Ngozi ya mtu mzima hukauka, umeme haupiti vizuri. Akaleta mafuta.

"Mnanipaka kama mkate," Mama akasema. "Halafu mnile?"

Mafuta, hakuna. Kitambaa chenye maji, hakuna. Mpimaji akasema kwa upole kwamba kifaa chochote kina mpaka wake. Nahodha akaiambia dari kwamba wengine wakishindwa kazi husingizia vifaa. Mpimaji akaliuliza dirisha kama kuna mtu amesema naye.

Kitinda akasema subirini. Akashika simu, akatelezesha kidole kwenye kitu fulani, mara muziki ukalipuka! Mama akaruka nusu ya kochi. Viwiko, muziki. Magoti, muziki. Badilishaneni nafasi, tukagongana vichwa, na muziki haukukatika hata kidogo.

"Nimeongeza usikivu," Kitinda akasema. "Sasa kinasikia hata mikono mikavu."

Nimefurahi. Ila nilimwona hakufurahi sana, na sikuuliza. Zulia bado limekunjwa.

Jumatatu, 10 Machi

Kesi imeahirishwa. Mama amekataa kula mpaka anawe mafuta ya jana. Kitinda anapiga misumari jikoni. Mengine sina nguvu ya kuyaandika.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikipeleka kisanduku na simu yake ofisini. Wazo langu mwenyewe. Nilitaka kuona watu wasio na undugu wanakionaje. Wakati wa chakula cha mchana tukasogeza meza mbili: mhariri, mpiga picha, mwandishi wa michezo na mimi.

Walivyosikia sauti yangu kwenye simu wakasimama wima. Mhariri akasema anahisi kama amehukumiwa. Tukashikana, muziki ukapiga, wakafurahi kama watoto, hata mhariri, ambaye sijawahi kumwona akifurahi bila mtu mwingine kujiuzulu. Viwiko. Visigino, mpiga picha akavua viatu na tukajuta.

Halafu simu ya mpiga picha ikaita. Akaachia mikono, akaenda nayo dirishani. Muziki ukaendelea.

Tukatazamana. Mwandishi wa michezo akaachia naye. Muziki ukaendelea. Nikabaki nimeshika kishikio kimoja peke yangu, mwingine hakuna, na ngoma inarindima chumba kizima.

"Hiki kimekaa kama kamati," mwandishi wa michezo akasema. "Hata wajumbe wasipokuwepo, akidi imetimia."

Mhariri hakucheka. Akakizungusha mezani, akanirudishia. "Kinatoa habari bila kuthibitisha. Mimi nisingeichapa."

Nimekibeba kurudi nacho, nimekipakata. Bado kilikuwa kinaimba. Watu barabarani wananipisha.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimsubiri amalize kumlisha Mama. Nikamwambia kisanduku chake kinasema uongo.

Hakubisha. Hilo ndilo lililonishtua. Fundi anayeambiwa kifaa chake kibovu hubisha kwanza.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Mikono ya Mama haina tatizo. Nilimpima kabla hamjafika, kililia kwake vizuri kuliko kwenu nyote."

"Sasa mafuta ulimpaka ya nini?"

Akanionyesha, akautumia mkono wangu. Mpimaji huvaa shati la mikono mirefu. Alipoambiwa ashikane na Nahodha alilivuta pindo la mkono wa shati mpaka kwenye vidole, akashikia kwa nguo. Nahodha naye alikuwa amekunja ngumi ndani ya mkono wa koti. Walioshikana ni shati na koti. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, bega kwa bega na Mpimaji, nimeutolea macho mkono wa Mama unaopakwa mafuta. Mshahara wangu wote nimelipwa kwa kazi ya kutazama!

Basi Kitinda akaongeza usikivu mpaka kisanduku kikaisikia ngozi kupitia nguo mbili. Kikifika hapo, husikia hata hewa. Amekitengeneza kwa kipimo cha watu wawili wasiotaka kugusana, na sasa mtu yeyote duniani akikitumia hakimwambii kitu.

"Rudisha usikivu," nikasema.

"Nikirudisha hakitalia kwao."

"Usiwaweke pamoja."

"Dada, kubadilishana nafasi ndiyo mchezo wenyewe. Nikiitoa hiyo amri kinabaki nini? Watu wamepanga foleni."

"Waite majirani."

"Mama Mahema anatujua sote kwa sura. Anajua tuko wanne na mama yetu. Akikuta majirani atauliza ndugu zangu wako wapi, nimjibu nini?"

"Basi waambie ukweli. Waambie usipopata kazi hii unakwenda mgodini."

Akaanza kukusanya vyombo, ambavyo vilikuwa vimeshakusanywa.

"Siombi mtu mkono," akasema.

Sentensi nzuri. Fupi, haina neno la ziada. Tatizo ni kwamba ndugu zangu wote watatu wanayo hiyohiyo. Ukiwachanganya kwenye kisanduku kimoja hutajua nani ameisema.

Nikamwambia kisanduku hakiwezi kuonyeshwa kikiwa kinasema uongo. Mama Mahema akikinunua, harusi ya kwanza tu watakigundua, na jina la Kitinda litakwenda nalo. Akasema anajua. Nikasema basi. Akasema basi! Akachukua simu, akarudisha usikivu mbele yangu. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema sijaridhika, lakini sasa kinasema kweli.

Hatujasemezana tena leo. Mama ametuuliza kama na sisi tumeanza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewapigia. Kitinda hajui.

Mpimaji alipokea upesi. Nikamweleza mgodi, Mama Mahema, tarehe kumi na saba, nguo na ngozi. Alisikiliza kama anaandika vipimo. Akasema yeye hana shida na Nahodha. Kama kuna mwenye shida, ni huyo aliyevunja kufuli la watu. Akaniuliza kwa nini Kitinda hakusema mwenyewe. Nikasema kwa sababu ni ndugu yako, mmefanana. Akasema hajaelewa. Nikasema nimeelewa kwa niaba yako.

Nahodha alikuwa barabarani, akaegesha. Nikamweleza yaleyale kwa maneno yaleyale. Naye hana shida na mtu. Halafu akauliza: "Yeye kasemaje?"

"Nani?"

"Huyo."

"Kasema hana shida na wewe."

"Ehe. Basi aseme yeye."

Ndugu wawili, wote hawana shida, na shida ipo. Nimewahi kuona mashahidi wa namna hii. Hakimu huwapa mapumziko ya chai.

Mama alikuwa ananisikiliza kutoka kwenye kochi. Nilidhani amelala.

"Mnagombania ule mlango," akasema. "Hakuna aliyeniuliza mimi."

Ni kweli, hatujawahi. Nikauliza: siku ile, Mama, uliumia? Uliogopa?

"Nilikuwa nimelala, mwanangu. Nilishtuka mlango unavunjwa nikajua ni mwizi. Kumbe ni mwanangu. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe." Akafikiri. "Nilimwambia aniweke chini, nataka viatu. Akanibeba bila viatu. Hicho ndicho kilichoniudhi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye kikao. Akasema kwenye kikao kila mtu alikuwa anaongea.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi.

Sebule imefagiliwa. Kitinda amevaa gauni, sijui alilitoa wapi, na kwenye sikio kuna alama ya kalamu. Ananisemesha kwa mambo ya lazima tu: soketi iko wapi, maji yamechemka. Amejaribu kisanduku na Mama peke yake. Kimelia papo hapo, hakuna mafuta. Mama amemwambia: "Umeona?"

Mpimaji amekuja na shati la mikono mirefu. Jua lote hili! Nahodha amekuja na fulana. Sijui kama ni ishara au nguo zilikuwa zimeisha.

Alasiri.

Naandika nimesimama kwenye mlango wa jikoni, daftari nimeliegemeza kwenye fremu. Nimetolewa mchezoni. Naanza tangu mwanzo, niandike haraka.

Mama Mahema alifika na kiti chake. Cha plastiki, cheupe. Anasema viti vya watu humvunjikia, na vyake akivunja anajua wa kumlaumu. Akampa Mama shikamoo akiwa amepiga magoti, na mwili ule si mchezo. Akamwambia Kitinda, "Haya fundi, usinieleze. Maelezo nimeshasikia ya mashine za povu na mashine za moshi. Nionyeshe."

Raundi ya kwanza: Mama, Mpimaji, mimi, Nahodha. Mimi katikati yao, kama kawaida yangu. Muziki ukapiga. Mama Mahema akaanza kutikisa bega. Viwiko, muziki. Visigino, na hapa Mama, aliyekaa, alinyoosha mguu wake wenyewe bila kuambiwa, akausukuma kwenye kisigino cha Mpimaji kama anazima sigara. Muziki! Mama Mahema akapiga kofi. Akasema bibi huyu ndiye anayemtaka kwenye kila sherehe, anakodishwa bei gani.

Kisha sauti yangu: "Badilishaneni nafasi bila kuachia."

Tukazunguka. Sikupanga, wala Kitinda hakupanga, mnyororo ndivyo ulivyotupa. Mama kishikio cha kwanza. Mpimaji. Nahodha. Mimi kishikio cha mwisho.

Muziki ukakatika.

"Mnyororo haujafunga. Shikaneni."

Mama Mahema akasubiri. Akakitazama kisanduku. Akauliza kama kimeharibika.

Nikamwona Kitinda akifungua mdomo. Nililijua neno linalokuja, la mikono mikavu ya Mama, nililijua hadi mafuta yake. Angeweza pia kutelezesha kidole, simu iko mkononi, nani angejua. Akanitazama. Sikumfanyia ishara yoyote.

"Hapana," akasema. "Kisanduku ni kizima."

"Sasa mbona hakilii?"

"Kwa sababu hawajashikana."

Mpimaji alikuwa ameshavuta pindo la shati mpaka kwenye vidole. Nahodha mkono upo chini, kiganja kimegeukia paja. Mama Mahema akaangalia mikono hiyo. Akaangalia nyuso, ambazo ni uso mmoja umechorwa mara mbili. Mwanamke huyu amepanga viti vya koo zisizopatana maisha yake yote. Sikuhitaji kumwambia kitu.

Akainuka. Akanijia. "Dada, nipishe hapo." Nikampisha. Akashika kishikio changu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaudaka mkono wa pili wa Nahodha, akaukaza. Nahodha alikunja uso, nadhani kwa maumivu.

"Mimi sina haraka," akasema. "Nimeshamsubiri bwana harusi aliyekwenda kunyoa siku ya harusi akarudi na ndevu. Mzee wangu, wewe umechoka?"

"Sijachoka," Mama akasema. "Nimeambiwa nisiachie, siachii."

Ndiyo hali ilivyo sasa hivi. Wamesimama. Kisanduku, Mama, Mpimaji, pengo, Nahodha, Mama Mahema, kisanduku. Sauti yangu inasema mnyororo haujafunga kila baada ya muda mfupi, bila huruma yoyote. Sikujua kwamba naudhi kiasi hiki.

Kitinda hajanitazama tena. Anaitazama ile mikono kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Mpimaji amesogea. Amemwambia Mama amwachie kidogo afungue kifungo cha shati.

Mama: "Siachii."

"Mama, kidogo tu. Nataka kukunja shati."

"Ulikuja nalo hivyo."

Angeweza kunyoosha vidole tu. Nguo ingerudi nyuma yenyewe. Lakini huyu ni mtu wa kufanya kitu kamili au asikifanye. Ameinua mkono mdomoni, anakifungua kifungo kwa meno. Mpima ardhi mzima, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, anang'ata shati lake mbele ya mgeni. Mama Mahema anatazama ukuta kwa adabu.

Kifungo hakifunguki. Anavuta, kinazunguka tu.

Mwenye mkono mtupu karibu naye ni mmoja.

Nahodha anaangalia kile kifungo. Anaangalia muda mrefu. Taya inamchezacheza.

"Unang'ata upande usio na tundu," amesema.

Mpimaji amesimama na kifungo mdomoni. Hajakitoa. Amejibu kupitia meno, na sijawahi kusikia neno likitoka vibaya namna hiyo:

"Nyamaza."

"Nyamaza wewe. Tundu liko huku."

"Najua shati langu."

"Ungelijua lingefunguka."

Mama anacheka bila sauti, mabega tu. Mnyororo haujafunga, nasema kwenye simu. Nahodha amefuta kiganja chake kwenye suruali. Mara mbili, mbele na nyuma. Hajakinyanyua. Mpimaji ameutoa mkono mdomoni, ameuacha hewani, pindo limelowa mate, haelekei kwa mtu yeyote hasa.

Kitinda sasa amenitazama. Ananionyesha simu kwa macho, anauliza kama aizime ile sauti, wanaaibika.

Nimetikisa kichwa. Iache iseme.